Vipande vya Hamadi wa Wawi

Tulipomaliza kumsomea hitima Bi Hidaya, mama mkwe wangu, wanawake walitoka kwenda ukumbini kwenye wali, mimi nikabaki chumba cha nyuma peke yangu. Nilikuja kutoka Unguja kwa boti ya asubuhi, nikamkuta ameshazikwa, na tangu niliposhuka bandarini nilikuwa nikisubiri kitu kinipande kifuani, kisinipande. Chumba kile sasa kimepakwa rangi ya kijani na dirishani wametia vioo. Zamani palikuwa na nondo tu, na pazia la maua ya zambarau yaliyochujuka kwa kufuliwa. Nilikuwa nimekaa mkekani nikautazama ukuta, nikasikia mtu anavua viatu mlangoni. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mgeni kwangu, kashika sahani ya wali na paja la kuku juu yake. "Weye si Raya?" akaniuliza. "Yule wa vipande?" Nikamwambia ndimi. Akaiweka sahani, akakaa, akanieleza kwamba miaka ile alikuwa karani wa skuli huko Mgogoni, na kipande cha kupanga majina alikitumia mpaka alipostaafu. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia habari za mvua: "Na mwenyewe ulikuwa ukijisikiaje, siku zile?" Nikamwambia sikuwa nikijisikia. Akacheka kidogo. Alidhani natania.

Sikuwa natania. Mwaka ule ulianza kwangu alasiri moja ya masika, watu walipokuja kunambia kwamba mume wangu, Hamadi, ameanguka na pikipiki kwenye mteremko akirudi kutoka kazini, mjini Chake. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mwiko. Nakumbuka nilimuuliza aliyeleta habari kama amekula, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile, mgeni huulizwa kwanza kama amekula. Watu wakalisimulia neno lile kwa muda mrefu baadaye, kila mmoja kwa maana yake. Mimi mwenyewe sijui maana yake. Mguu ukiukalia sana hufa ganzi, ukiugusa unajua ni wako lakini mkono ndio unaokwambia, si mguu. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilioga, nilisali, nilijibu salamu. Usiku nililala kama kawaida, na asubuhi niliamka nikasikia jogoo, na sikuwa na sekunde ile ya kusahau ambayo wafiwa wengi huisimulia. Nilijua tangu macho yamefumba. Ila kulijua jambo lile kulikuwa kama kujua kwamba Wete iko kaskazini ya Chake.

Eda nilikaa hapo hapo Wawi, nyumbani kwa Bi Hidaya, mama yake Hamadi, kwa kuwa ndiyo nyumba tuliyokuwa tukiishi. Chumba changu kilikuwa hicho cha nyuma, na karibu nusu yake ilikuwa imechukuliwa na meza ya Hamadi. Asubuhi Bi Hidaya aliniletea uji wa mchele wenye pilipili manga. Mchana muhogo wa nazi, au shelisheli la kuchemsha na dagaa, na msimu ule boga kwa wingi kwa sababu jirani alikuwa nayo mengi na hakujua la kuyafanyia ila kuyaleta msibani. Nilikula yote. Hilo nalo halikupendwa. Ukuta wa chumba kile haukufika juu kabisa, na mazungumzo ya uani yalikuwa yakinijia kama kwamba nimekaa katikati yao. Nilimsikia jirani mmoja akisema, "Mkaza mwana wako mbona halii?" Bi Hidaya akajibu, "Kila ntu na kilio chake." Yule jirani akaendelea: "Basi chake kina haya, hakitoki." Nikasikia kisu kikikata boga, na Bi Hidaya akasema kwa sauti ya chini, si kwa kunitetea tena, "Miye mwenyewe namtazama sana. Sikuona hata tone." Nikayasikia hayo nikiwa nakunja kanga, nikaendelea kuikunja, pembe juu ya pembe.

Inanibidi nieleze ile meza. Hamadi alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Chake, na kompyuta ya nyumbani aliiunga mwenyewe kutokana na mbovu tatu. Ilikuwa haina kifuniko upande mmoja, na mjusi aliwahi kutaga ndani. Intaneti miaka ile ilikuwa jambo la kwenda Unguja. Kwetu mtu akitaka kuandika programu ya kufanyia kazi fulani, alikuwa na kitabu kilichochanika na akili yake. Kwa hivyo Hamadi alikuwa na tabia ya kukusanya vipande. Kipande ni mistari michache tu ya maagizo, ambayo mtu kaumiza kichwa kuiandika mara moja, kisha mwengine anaweza kuichukua kama ilivyo na kuitia katika kazi yake bila ya kuumiza kichwa upya. Alikuwa na kipande cha kupanga majina kwa alfabeti. Alikuwa na cha kutambua kwamba Khamis na Hamisi na Khamisi huenda wote ni mtu mmoja, kazi ambayo kisiwani kwetu si ndogo. Alikuwa na cha kugeuza tarehe ya kizungu iwe ya kiislamu, cha kufuta nafasi zilizozidi baina ya maneno, cha kutafuta alama za mwanafunzi katika orodha ndefu, cha kuhesabu umri wa mtu kutokana na siku aliyozaliwa. Vyengine aliviandika mwenyewe na vyengine alipewa, na yeyote aliyetaka alimpa. Jioni nyingi nilimkuta amekaa na kijana wa watu, wanakili kitu kutoka disketi moja kwenda nyengine, chai imewapoa.

Alipokufa, Bi Hidaya aliifunika ile kompyuta kwa shuka jeupe. Ikakaa hivyo pembeni ya kitanda changu, nami sikuigusa. Sikuwa na sababu ya kuigusa wala ya kutoigusa. Kisha siku moja baada ya alasiri, eda ikiwa bado mbichi, nilisikia hodi barazani na sauti ya mwanamume. Alikuwa Mwalimu Faki, aliyesomeshwa na Hamadi, mtu wa Wingwi kama mimi, akifundisha skuli moja huko huko kwetu. Aliomba radhi sana. Alizunguka na maneno mpaka Bi Hidaya akamwambia aseme shida yake. Ndipo akasema kwamba matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake yanatakiwa, na kile kipande cha kutafuta alama alichopewa na marehemu kimeharibika, disketi imeingia ukungu. Je, Bi Raya anaweza kukitafuta? Bi Hidaya akaja mlangoni kwangu, hakuingia. "Kuna ntu wa kwenu," akasema. "Ataka kitu cha mumeo. Miye sijui kama ni haki." Nikamuuliza kama naweza kuzungumza naye. Akafikiri. Mwisho akamketisha Faki nje, chini ya dirisha, akalifunga pazia vizuri na kukaa yeye ndani pamoja nami, mgongo wake mlangoni kama mlinzi.

Nililivuta shuka. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa kukaa karibu na Hamadi nilikuwa nikijua kuwasha na kufungua, na kusoma maagizo kama mtu anavyosoma lugha ya jirani, unaelewa lakini hujawahi kuisema. Nikakipata kipande. Faki akauliza kutoka nje, "Bi Raya, mstari wa kwanza unasemaje?" Nikamsomea. Akasema, "Sawasawa. Na wa pili?" Tukaenda hivyo, mimi nasoma ndani, yeye anaandika nje kwenye daftari, kwa sababu hakuja na disketi nyengine. Katikati nikakuta mistari ambayo si maagizo. Mtu akiandika programu, huweza kuweka maneno ya kumwambia binadamu mwenzake, akayatia alama mbele yake, na mashine ikiyafika huyaruka. Hamadi alikuwa ameandika: *Hapa usiguse bila kuniuliza. Kipande hiki asili yake kapewa Hamadi wa Wawi na fundi mmoja wa Mkoani, mwenye kukitumia amuombee dua.* Nikayasoma kwa sauti ile ile niliyosomea maagizo. Nyuma yangu Bi Hidaya akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. "Kaandika nini jengine, mwanangu?" Sikujua kama mwanangu ni mimi au ni Hamadi. Nikafungua kipande chengine. *Hamadi wa Wawi. Kimejaribiwa usiku umeme umekatika mara mbili, kikifanya kazi ni rehema za Mungu.* Bi Hidaya alicheka, kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga na kulia kwa muda mrefu, bila sauti. Mimi nilikaa kidole juu ya kitufe, nikasubiri amalize.

Kutokea siku hiyo mambo yalibadilika, na aliyeyabadilisha si mimi. Faki aliwaambia wenzake kwamba vipande vya Hamadi viko na vinapatikana, wakaanza kuja. Walikuja walimu, karani wa bandari, kijana wa duka la kupiga chapa, binti mmoja aliyekuwa akifanya kazi hospitali. Bi Hidaya aliwapokea barazani. Disketi zao alizitia kwenye sinia na kuzifunika kawa, akaniletea ndani kama chakula, na mimi nikishanakili akazitoa vile vile. Sijui kwa nini aliweka kawa. Labda aliona kila kinachotoka jikoni kwake kwenda kwa wageni hufunikwa. Halafu akaweka sharti, na hilo hakuniuliza. Mtu akija kuchukua, na alete. "Jirani akija kuomba chumvi leo, kesho huleta ndimu," aliwaambia. "Hapa si dukani wala si msikitini. Una nini weye?" Watu wazima wakawa wanajikanyaga barazani wakimweleza bibi asiyejua kompyuta ni nini kwamba wao wana kipande cha kuandika namba kwa maneno, au cha kupiga chapa bahasha. Alisikiliza kwa makini kabisa. Akihisi mtu anamlaghai alimwita mlangoni kwangu na kuniuliza, "Raya, hiki kina kazi?" Kama kina kazi nilisema kina. Hivyo mkusanyiko ukakua, kwa watu kuona haya mbele ya mwanamke mzee.

Nilijifunza kila kipande kilichoingia. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hupenda kuisikia, kwamba kazi iliniponya, na mimi siwezi kuwapa. Haikuniponya. Ilinijaza masaa. Nilikaa pale mezani joto la mchana likishuka kwenye mabati, feni haizunguki kwa sababu umeme umekwenda, nikasubiri urudi, na ukirudi nikaendelea palepale nilipoachia. Kipande kikikataa nilikijaribu kwa njia nyengine. Nilipokipata sikufurahi. Niliandika nani kakileta na ametoka wapi, kwa mtindo wa Hamadi, kwa kuwa ndio mtindo niliouona. Nilikuwa nimemuuliza shehe wetu, kupitia kwa Bi Hidaya, kama inafaa nikiwa edani, naye akajibu kwamba amali za mtu hukatika akifa isipokuwa chache, na moja ni elimu anayoiacha ikiwafaa watu, basi nifanye maadamu niko nyumbani kwangu na kwa heshima. Bi Hidaya alilishika neno hilo. Sisi hatukupata mtoto, na yeye Hamadi ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Nikawa nasikia uani mazungumzo yamegeuka. "Mwanangu anafanya kazi mpaka Mkoani," alimwambia yule jirani wa maboga. "Juzi kafika Konde." Yule jirani akasema mashallah. Na mimi, niliyekuwa nikimfikisha, nilikuwa nikila boga.

Kuna jambo sikuligundua mpaka baadaye. Bi Hidaya alikuwa akijua kusoma Kurani na hati za kiarabu, lakini za kizungu hakusomeshwa. Hata hivyo, kwa kukaa nyuma yangu kila siku, alikuwa ameshalijua umbo la jina la mwanawe pale kwenye kioo cha kompyuta, kama mtu anavyolijua paa la nyumba yake kwa mbali. Kila nikifungua kipande alilitafuta, akilipata alishusha pumzi. Karibu na mwisho wa eda, yule binti wa hospitali alileta disketi kutoka Wete. Akasema kuna mwenzao, Omari, anayeshughulikia kadi za kliniki ya watoto huko, amekitumia kile kipande cha kuhesabu umri na amekifanya kizuri zaidi, anakirudisha kiwafae wengine. Nikakifungua. Nikaona maagizo yameongezeka. Nilikuwa sijamaliza kuyasoma Bi Hidaya akaniuliza, "Jina la mwanangu li wapi?" Nikaangalia juu, nikaangalia chini. Juu palikuwa na mstari mmoja tu: *Kimeandikwa Wete, kwa kliniki.* "Halimo, mama," nikamwambia. "Limetolewa?" "Limetolewa." Akasimama. Sikupata kumwona na uso ule, hata siku ya maiti. "Wamemfuta," akasema. "Amekufa mara moja, wamemuua mara ya pili, na weye umekaa unatazama tu." Nikamwambia naweza kulirudisha sasa hivi, ni kazi ya kuandika mstari. "Hapa utalirudisha. Na huko Wete je?" Akatoka, na siku hiyo chakula nililetewa na mtoto wa jirani.

Eda ilipokwisha, nilioga, nikavaa nguo ambayo dada zangu walinishonea, na watu wakaja kunisalimia. Nilitarajia Bi Hidaya ataniambia sasa nirudi kwetu Wingwi, na nilikuwa tayari nimeshatia vitu vyangu kwenye begi. Badala yake alikuja asubuhi na buibui lake limeshavaliwa. "Twende Wete," akasema. Nikamwambia Omari tunaweza kumpelekea salamu. "Salamu hazina macho. Nataka nimuone aliyelifuta jina la mwanangu, na yeye anione miye." Tukaenda. Barabara ile ilikuwa na mashimo njia nzima. Tulipopita kwenye mteremko alioangukia Hamadi yeye aligeuza uso akasoma kitu kimoyomoyo. Mimi nilitazama. Palikuwa na mbuzi wawili na bango la simu. Sikuona chochote cha zaidi.

Ofisi ya Omari ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, makabati ya kadi mpaka juu, na kompyuta mpya kuliko yetu juu ya meza ya kulia chakula. Nilimtarajia mtu mwenye kiburi, kwa vile Bi Hidaya alivyomchora. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye kikohozi, aliyevaa kofia iliyoshonwa vibaya. Alipojua sisi ni nani alisimama, akatuletea viti, akatuma watu walete chai na mkate wa kumimina, na akaanza kutupa pole upya kama kwamba msiba ni wa jana. Bi Hidaya hakuigusa chai. "Nimekuja kwa jambo moja," akasema. "Kitu cha mwanangu kimekuja kwako na jina lake, kimerudi halimo. Kwa nini?" Omari akashika kofia yake. "Mama, nililitoa mimi, na sikulitoa kwa ubaya. Mimi nimekibadilisha. Nikaona, nikiacha jina la marehemu na mimi nimetia mkono wangu, siku kikikosea watu watasema Hamadi kakosea. Naye hawezi kujitetea. Ndio nikalitoa." "Kwani hiyo mashine," Bi Hidaya akauliza, "ikilisoma jina inafanya kazi zaidi?" "La, mama. Hailisomi. Ikifika hapo inaruka." "Basi jina si la mashine." "Si la mashine. Ni la watu." "Na watu ndio tunaolitaka," akasema, na sauti yake ikawa imeshuka. Omari alikubali hapo hapo. Akasema ataandika majina yote mawili: kaandika Hamadi wa Wawi, karekebisha Omari wa Wete. Ndipo Bi Hidaya akachukua kikombe. Alikunywa kidogo, akauliza kwa uangalifu wa mama ambaye hataki kuonekana anaumia: "Karekebisha, unasema. Kwani kilikuwa kibovu?"

Omari alinitazama mimi. Nadhani alitaka nimsaidie, lakini mimi nami nilikuwa sijui. Disketi ile tangu siku ya ugomvi sikuifungua tena. Akasema si kibovu, ni jambo dogo tu. Nikamwomba anioneshe. Akageuza kioo upande wangu, akaeleza taratibu. Kipande cha Hamadi kilikuwa kikichukua mwaka tuliomo, kikatoa mwaka aliozaliwa mtu, na jawabu ndio umri. Kwa mtu mzima haidhuru. Kwa kliniki inadhuru, kwa sababu mtoto aliyezaliwa mwezi wa Disemba, ikiingia Januari tu, mashine inasema ametimiza mwaka. Anatoka kwenye orodha ya watoto wachanga, na mama yake haitwi kwa ajili ya chanjo. Mama mmoja wa kijijini alikuja mwenyewe na mtoto mgongoni akauliza amekosa nini hata mwanawe hatajwi. Ndipo Omari akachunguza, akaongeza mistari ya kutazama mwezi na siku. "Watoto wote tumewapata, alhamdulillahi," akasema. "Jambo dogo. Alisahau."

Hakusahau. Hilo nililiona mbele yangu wazi kuliko kile kioo. Niliiona jioni Hamadi alipokuwa akikiandika kipande hicho, mimi nimekaa kizingitini namenya shelisheli, na nikamwambia, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu, "Na mtoto wa Disemba je?" Akageuka, akacheka kwa kuwa nimemkamata. Akasema, "Kweli. Nitautia mwezi kesho." Nikaona na jioni nyengine, si mbali na hiyo, pikipiki imeegeshwa uani na mimi namwambia breki zinalia mpaka majirani wanajua anarudi. "Nitazitazama kesho," akasema. Ilikuwa sauti ile ile na kicheko kile kile. Kitu kikanipanda kutoka tumboni, moto, na sikukitambua. Nilikuwa nimekisubiri miezi nikidhani kitakuja kama huzuni. Nikasikia sauti yangu ikimwambia Omari, "Nilimwambia." Omari akasema, "Naam?" "Nilimwambia mwezi. Nilimwambia." Kisha si Omari tena niliyekuwa nikisema naye. Nilikuwa nimesimama, kiti kimeanguka, nakielekea kile kioo. "Nilikwambia, Hamadi! Nilikwambia mtoto wa Disemba je, ukasema kesho! Nikakwambia breki, ukasema kesho! Kesho ipi? Mzembe wee! Iko wapi hiyo kesho yako? Nioneshe, iko wapi?" Nilipiga meza, vikombe vikamwagika. Machozi yalikuwa yakinitoka kwa wingi mpaka shingoni, na sikuyajua mpaka nilipoyaonja. Omari aliondoka chumbani kinyumenyume, akaufunga mlango polepole.

Nilidhani Bi Hidaya atanifunga mdomo. Nilikuwa namtukana mwanawe maiti, katika ofisi ya watu, mchana. Nilimwona akiinuka, akaja, akakiokota kile kiti na kukisimamisha. Hakukikalia. Akasimama ubavuni kwangu, bega lake limegusa langu, akakitazama kile kioo nilichokuwa nikikitazama. Nilikuwa nimeishiwa pumzi.

"Mwambie," akasema. "Usiache, mwambie yote. Ukimaliza nipishe. Na miye nna yangu."